Nyumba ya Kilo 34

Basi la Marsabit lisipopata pancha njiani huingia Eastleigh kabla ya adhana ya alfajiri. Saa hizo mimi nishafungua ofisi ya vifurushi, nishawasha taa na kuisukuma mizani hadi karibu na mlango. Huu ni mwaka wa tisa nafanya kazi hiyo: kupima, kuandika risiti, kuwapigia watu simu waje wachukue vitu vyao kabla havijaoza au kupata mwenyewe mwingine. Kutoka juu huja madumu ya njano ya maziwa ya ngamia yanayopakiwa Isiolo, nyirinyiri, yaani nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta, ndani ya ndoo zenye vifuniko, simu zilizozimika zinazotafuta fundi. Kwenda juu hupanda magodoro, vipuri vya pikipiki, leso, dawa. "Juu" kwetu sisi wa mizigo ni kila kitu kinachopita Isiolo. Na watu wa huko juu nao, wakipanda basi kuja huku, husema wanakwenda Kenya.

Asubuhi moja ya Februari 2025 makanga alinishushia furushi refu la miti iliyopinda, limefungwa kwa kamba ya katani na kuviringishiwa mkeka.

"Kuni za nani hizi?" akauliza. "Nairobi makaa yameisha?"

Nyuma yake alikuwa anashuka nyanya yangu, mama yake mama, ameshikwa mkono na kijana ambaye hata hakumjua. Sisi humwita Akko, kama Wagabra na Waborana wanavyomwita nyanya. Kiswahili chake ni cha kuuzia mbuzi, lakini neno kuni analijua vizuri. Akamgeukia makanga akamwambia, "Si kuni. Nyumba."

Nikaiweka kwenye mizani. Kilo 34. Nilitaka kuipitisha hivihivi, lakini alishafungua fundo la leso na kutoa noti mbili. Mzigo usiolipiwa, alisema, huitwa wa wizi siku ukigombaniwa. Kwenye risiti kuna mstari wa aina ya mzigo, nikaandika "nyumba". Mwenzangu wa zamu alidhani nafanya mzaha. Nakala ya risiti bado ninayo.

Ilikuwa nyumba kweli, au tuseme kipande chake. Mandasse ya Wagabra ni kuba la mizizi na matawi ya mgunga yaliyopindwa yangali mabichi, likafunikwa mikeka ya katani, ngozi, na siku hizi maturubai. Mwanamke hujengewa anapoolewa; mama yake na wanawake wa kwao ndio hufuma na kupinda, na tangu siku hiyo nyumba ni mali yake. Mume ana ngamia, mke ana nyumba. Kambi ikihama yeye ndiye huibomoa, akaipakia, na wakifika wanakokwenda akaisimamisha tena kabla giza halijaingia. Akko alichobeba ni mbavu za upande wa mlango na mkeka mmoja. Kilichobaki alimwachia mama mdogo kule kwao Maikona, kaunti ya Marsabit. Nilimuuliza kwa nini ahangaike na miti usiku kucha kwenye basi ilhali anakuja kutibiwa macho tu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa viatu.

"Ningeiacha yote, watu wangesema nimekufa."

*

Ploti yetu ina ghorofa sita na haina lifti. Sisi tuko ya nne. Ngazi ni 68. Nazijua kwa sababu kuanzia ya 30 hivi nilimbeba mgongoni. Ni chumba kimoja cha kulala na sebule, kodi 16,000, mimi na mke wangu na watoto watatu. Akko alipewa kitanda cha chini cha wanangu, mwenye kitanda akahamia kochini kwa furaha kwa sababu kochi liko karibu na televisheni.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa hospitali, matone ya macho na kulala. Jicho la kulia lilipasuliwa, mtoto wa jicho akatolewa, na bandeji ilipofunguliwa nyumbani kwetu alitazama juu muda mrefu. "Mbona mbingu yenu iko karibu hivi?" Alikuwa anatazama dari.

Baada ya hapo hakuwa mgonjwa tena, na hapo ndipo shida ilipoanza. Dirisha la sebule yetu linatazama ukuta wa ploti ya pili, mita mbili hivi, hata jua la saa sita hulioni ila kama mwanga uliopotea njia. Kushuka ngazi 68 alishuka mara mbili kwa mwezi, mara zote kwa ajili ya daktari. Siku moja alinionyesha ule ukuta akauliza nani anakaa nyuma yake. Nikasema sijui.

"Una miaka mingapi hapa?"

"Sita."

Akanyamaza. Ananyamaza vibaya sana huyo mama. Jioni nilimsikia akimwambia mke wangu kwamba amekuwa mbuzi wa kufungwa kwa ajili ya mgeni, na mgeni mwenyewe haji.

Kisha mwanangu wa pili, ambaye ana miaka minane na hawezi kukaa, akampandisha paani. Jambo la ajabu: kushuka miguu ilikataa, kupanda ikakubali. Paani kwetu kuna matangi ya maji, kamba za nguo, sahani za televisheni zilizokufa, na jua. Niliporudi kutoka kazini siku hiyo furushi halikuwepo nyuma ya mlango. Nikapanda. Mbavu zilikuwa zimesimama, zimefungwa kwenye bomba la tangi upande mmoja na kwenye nondo upande wa pili, mkeka umetandazwa juu yake. Nusu ya nusu ya nyumba. Akko ameketi ndani yake, miguu ameinyoosha, anasokota kamba kwenye paja.

Msimamizi wa ploti alipanda kwa hasira. Hoja yake haikuwa mbaya: mwenye ploti akiona atadhani watu wameanza kupangisha paa. Alikaa huko saa nzima, akashuka amekunywa chai, na mapatano yakawa haya. Mwenye ploti huja tarehe tano kuchukua kodi. Tarehe tano asubuhi nyumba ibomolewe, jioni isimame. Akko hakuona ugumu wowote. Kuhamisha nyumba kwa sababu ya mwenye nguvu fulani ndiyo kazi aliyoifanya tangu aolewe.

Wanawake waliopanda kuanika nguo walianza kuchelewa kushuka. Mzee mmoja wa Kisomali wa ghorofa ya tano, mwenye goti bovu, akawa anapanda baada ya alasiri. Yeye na Akko walielewana kwa maneno ya ngamia, ambayo inaonekana hayahitaji lugha moja. Msichana wa ghorofa ya tatu mwenye mtoto mchanga alikuja kumlaza mtoto kivulini. Alikuwa ameishi nasi mwaka mzima na hakuna mtu kwenye ploti aliyejua jina lake, mimi nikiwa wa kwanza. Ni kwa kupitia mdomo wake, kwa tafsiri ya mwanangu, ndipo nilipojua kwamba chini kabisa, nyuma ya stoo ya mitungi ya gesi, kuna baba aliyepooza upande mmoja, na askari wa usiku ndiye humnunulia uji. Mimi kazi yangu ni kuhakikisha dumu la maziwa la mtu aliye mbali kilomita mia tano linamfikia mwenyewe. Huyo baba nimempita ngazi hizohizo kila siku.

*

Pesa sasa.

Kuna mpango wa serikali wa kuzikinga kaya na njaa unaoitwa HSNP (Hunger Safety Net Programme), ambao ulianza mwishoni mwa miaka ya 2000 katika kaunti nne za kaskazini: Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Kaya maskini kabisa hupata shilingi 2,700 kwa mwezi, zikitolewa kwa mafungu ya 5,400 kila miezi miwili. Akko yumo. Watu wa mjini wakisikia 2,700 hucheka. Mimi nimeona inachofanya. Ile si pesa ya kula peke yake. Ni jina. Mwenye duka kule akijua uko kwenye orodha hukukopesha unga na sukari mwezi mzima, kwa sababu anajua kuna siku utalipa. Kwa hiyo hata fungu likichelewa, orodha yenyewe inalisha.

Pesa ya wazee, ile ya Inua Jamii ya 2,000 kwa mwezi, tangu 2018 ni ya kila aliyefika miaka 70, awe maskini au asiwe. Hiyo Akko alikuwa hajaifikia alipokuja. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa Januari 1, 1956.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hadithi hii ananichekesha nayo kila mara. Wagabra huita miaka kwa majina ya siku za wiki: mwaka wa Jumatatu, mwaka wa Jumanne, na kadhalika, mpaka saba ziishe zianze tena. Mama yake alimwambia alizaliwa mwaka wa siku gani, na hilo hajalisahau. Alipokwenda kuandikishwa, karani akamuuliza mwaka, akamtajia siku. Karani akauliza ni siku hiyo ya lini. Akamjibu ni ile ile. Karani alikuwa na foleni ya watu, akapiga hesabu yake mwenyewe, akaandika 1956. Lakini Akko anakumbuka bendera ilipobadilishwa mwaka 1963 alikuwa msichana wa kutumwa peke yake na mbuzi, na vita vya shifta huko kaskazini vilipokwisha 1967 alikuwa na nyumba yake. Kwa hesabu ya kitambulisho, aliolewa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa na kama kumi na minane. Karani alichagua siku sahihi, ila duru iliyofuata. Miaka saba iliteleza hivyo, kwenye meza, kabla ya chai ya saa nne.

Na hapo alikuwa miongoni mwa waliobahatika kupata kitambulisho chenyewe. Kwa miongo mingi mtu wa kaskazini alipokwenda kukiomba alipelekwa kwanza mbele ya kamati, akahojiwa ukoo wake, babu zake, ngamia wao wana chapa gani, mambo ambayo mtu wa Murang'a au Kakamega hajawahi kuulizwa. Rais Ruto alitia sahihi tamko la kuuondoa ukaguzi huo akiwa Wajir Februari 5, 2025, wiki mbili hivi kabla Akko hajashuka na miti yake. Makanga wetu, ambaye ni mtoto wa Moyale, aliisikiza habari hiyo redioni akasema tu, "Tutaona kwa chifu."

Kwa hiyo fungu la Machi na Aprili lilipoingia tukaenda kwa wakala wa benki, hapa mtaani, kijiduka kinachouza vifuniko vya simu na chaja. Ngazi 68 chini. Kijana akamwambia aweke kidole gumba cha kulia kwenye kile kioo kidogo. Taa nyekundu. Akakipangusa kwa kitambaa. Nyekundu. Akampaka mafuta kidogo, akasubiri, akapangusa tena. Nyekundu. Cha kushoto, nyekundu. Nyuma yetu foleni ilishaanza kuguna. "Shosho, jaribu kingine," na Akko, kwa utulivu wa mtu anayehesabu mbuzi zizini, akaanza kutoa kimoja baada ya kingine mpaka vyote kumi vikaisha. Akaniuliza kwa Kiborana kama avue viatu.

Nilimshika mkono pale nikautazama karibu, kitu ambacho nadhani sikuwahi kufanya. Ncha za vidole zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Hakuna hata mstari mmoja. Miaka sitini ya kusokota katani, kukaza fundo za nyumba asubuhi na kuzilegeza mchana, imeifuta yote. Kile anachotakiwa kuonyesha ili athibitishe ni yeye, kazi ya kuwa yeye ndiyo iliyokifuta.

Tulirudi mara tatu. Kijana alikuwa mwema, simlaumu. Mara ya mwisho alituambia dawa ni aandikishwe upya kule alikoandikishwa mwanzo, ambako wana njia nyingine na chifu wa kumtambua. Yaani apande basi usiku mzima, kisha gari jingine kuvuka jangwa, ili aseme mimi ni mimi.

*

Nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu, kama kila mwajiriwa wa nchi hii, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Kwa mshahara wangu ni 540. Ilianza 2023, Mahakama Kuu ikasema Novemba mwaka huo kwamba haipatani na Katiba, ikasimama kidogo Januari, kisha Machi 2024 ikarudi na sheria yake yenyewe. Sina ugomvi mkubwa na hiyo 540. Nimekulia nyumba ya umma. Ningekuwa mnafiki nikisema serikali isijenge.

Mei 20, 2025, nyumba za kwanza za mradi wa Mukuru, pale Enterprise Road, zilikabidhiwa watu: funguo 1,080 kati ya nyumba 13,248 zinazopangwa. Nilimwonyesha Akko picha kwenye simu, jicho lake jipya likazikagua vizuri. Chumba kimoja ni shilingi 640,000, unalipa kama 3,900 kwa mwezi. Kwa Nairobi hiyo ni bei ya haki, na kuna mama auzaye mboga Mukuru aliyekuwa akilipa karibu hivyo kwa chumba cha mabati na choo cha kupanga foleni. Nilifurahi kwa ajili yake.

Lakini mimi ni mtu wa mizani, nikipewa namba mbili siwezi kuacha kuzipima. Sheria ya 2024 inasema nyumba za kijamii, zile za ngazi ya chini kabisa, ni za mwenye kipato chini ya 20,000 kwa mwezi. Akko yumo humo, tena yumo ndani kabisa mpaka haonekani. Kipato chake ni 2,700. Malipo ya mwezi ni 3,900. Amana iliyowekwa na sheria ilipotungwa ni asilimia 10, yaani 64,000 kwa chumba hicho. Angeweka kila senti bila kula ingemchukua miezi 24. "Chini ya 20,000" ni mlango mpana kweli, ila nyuma yake kuna ngazi, na ngazi hizo zinaanza juu ya kichwa cha mtu mfupi.

Akko mwenyewe swali lake lilikuwa jingine. "Hiyo ni ya kununua?" Ndiyo. "Nikihama naibeba?" Hapana. "Basi ni ya nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Na bado sina, kwa sababu anauliza kutoka mahali ambapo mwanamke, hata mjane, hata asiye na mbuzi, hakosi nyumba. Anaweza kukosa cha kupika ndani yake. Kilichowavunja watu wa kwao ni mvua iliyokataa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa Kenya katika ukame ule. Ngamia wa Akko walibaki wawili, mbuzi tisa. Nyumba ya kuhama bila mnyama wa kuibeba ni rundo la miti, basi watu wakahamia pembeni mwa vituo, karibu na kisima na zahanati na orodha za misaada, wakakaa. Kutoka hapo ndipo unapoanza kusikia neno "makazi" likitumika kwao. Zamani lilikuwa halihitajiki.

Nilichokiona Maikona nilipokwenda mara ya mwisho: nyumba za kudumu ni za shule, kanisa, polisi na zahanati. Mwalimu ana nyumba, askari ana nyumba. Ajuza ana mandasse iliyochakaa yenye gunia la msaada badala ya mkeka, au chumba cha mabati alichojengewa na mfadhili fulani, ambacho ukiingia saa saba mchana unatoka umeiva. "Bati ni la kupikia watu," Akko husema, na ile mandasse kukuu iliyo pembeni yake ndiyo watu wanayolala, bati likawa stoo. Hili halikuanza jana. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, yatakayozalisha haraka. Kaskazini ikaambiwa isubiri faida. Inasubiri.

Ningeulizwa mimi, na najua siulizwi, ningesema wajenge vyumba vya chini, kuta nene, paa ambalo limefikiriwa na mtu aliyewahi kukaa chini yake adhuhuri, milango ikitazamana, karibu na zahanati, na hati ziandikwe jina la mwanamke. Na huku Nairobi vyumba vya chini vya kila jengo la umma wapewe wazee na wenye ulemavu kabla ya kura yoyote ya kugawa nyumba. Siyo wazo la ajabu. Nimelelewa ndani yake bila mtu kulipanga hivyo.

Mimi ni mtoto wa Kaloleni, hapahapa Nairobi. Baba alikuwa fundi wa reli, Mkamba, akampata mama yangu Isiolo kwa njia ambayo kila mmoja wao aliisimulia tofauti. Mtaa ule ulijengwa miaka ya 1940, wakati ambapo jiji lilimtaka mfanyakazi Mwafrika bila mkewe, na nyumba nyingi za jiji hilo zilikuwa za kupanga vitanda vya wanaume tu. Kaloleni ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo kufikiriwa kwa ajili ya familia. Nyumba za chini, za mawe, zimezunguka viwanja vya nyasi, na ule ukumbi ambao wanasiasa walikuwa wakipigia domo kabla ya uhuru. Sitaki kuipaka asali. Vyoo vilikuwa aibu, na siku hizi nyumba ya baba ina kaka yangu, mkewe, watoto na wapangaji wa banda la nyuma, hatuwezi kumwongeza mtu hata kwa kumkunja. Lakini mlango wa pili kutoka kwetu alikaa mzee kipofu, na sikumbuki siku ambayo hakutuma mtoto dukani. Alikuwa anatoa kigoda, anakaa mlangoni, na mguu wa kila anayepita anaujua. Asipotoka kufikia saa tatu asubuhi, mtu alikuwa anabisha. Hakuna aliyeajiriwa kubisha. Mlango ulikuwa njiani, basi.

*

Aliondoka mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua za hagaya, yaani za vuli, ili mbavu zikachanganywe na zile zilizobaki na nyumba isimame nzima mvua ikija, ikiwa itakuja. Na vidole viandikishwe. Nilimwomba jicho la pili lipasuliwe kwanza. Alisema moja linatosha kuona upuuzi.

Siku ya mwisho paani palijaa. Mzee wa goti alileta tende. Msichana wa ghorofa ya tatu alimpa leso mpya na Akko akamfundisha mtoto wake neno la kwanza la Kiborana, ambalo bahati mbaya ni la kufukuzia mbuzi. Msimamizi wa ploti ndiye aliyeshusha furushi, ngazi zote, na kwenye kituo cha chini akasimama nyuma ya stoo ya gesi ili Akko amuage yule baba aliyepooza. Waliongea kama robo saa, mmoja kwa Kiborana, mwingine kwa nusu ya mdomo. Tangu hapo zamu ya uji imegawanywa. Jumanne na Ijumaa ni yetu.

Ofisini niliiweka nyumba kwenye mizani. Ilipokuja ilikuwa kilo 34. Sasa ilisoma 31. Nikaitoa, nikaifuta sahani ya mizani, nikairudisha. 31. Nikamwambia Akko kwamba kuna kitu amesahau, tukimbie tukakilete, basi bado lina dakika ishirini.

"Sijasahau," akasema, na akalipa kilo 31.

Jioni nilipanda paani kuangalia. Kati ya tangi na ile nondo, mahali palipokuwa na waya wa nguo uliokatikakatika, palikuwa pamefungwa kamba mpya ya katani, nene, mistari minne, fundo nisizojua kuzifungua. Mashuka ya ghorofa ya pili yalikuwa yananing'inia juu yake.